Ndani ya Mama Murefu

Kila mwezi wa nane ukikaribia, mabega yangu huanza kuuma kabla sijabeba kitu. Mke wangu anasema ni baridi ya kiangazi. Mimi najua ni nini. Sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria haiko mbali, na siku hiyo nitaingizwa tena ndani ya Mama Murefu, nifungwe mikanda, na nisitoke mpaka jua lianze kuzama.

Mama Murefu ni mwanamke wa mbao na karatasi. Kichwa chake kinapita mabati ya nyumba nyingi za mtaa wetu wa Kamalondo, mikono yake imejazwa pamba na inaning'inia tu, na gauni lake, ambalo mafundi cherehani wa mtaani hulibadilisha wanapojisikia, linakula kitenge cha kuvisha familia nzima. Chini ya gauni kuna fremu ya miguu minne, na katikati ya fremu niko mimi. Kazi yangu ya kila siku ni kuchomelea vyuma, milango na madirisha ya nondo, kwa hiyo tuseme nimezoea kuwafungia watu wengine ndani. Mara moja kwa mwaka zamu inakuwa yangu.

Aliyetuletea jambo hili ni padre mzee aliyekuwa paroko wetu nilipokuwa mtoto, akabaki mpaka nikaota ndevu. Tukimwita Mhispania alikasirika. Alisema yeye ni Mbaski, mtu wa milima iliyo kati ya Hispania na Ufaransa, na kwamba Wabaski walikuwa wameshakaa pale kabla hao wawili hawajajua kugawana mipaka. Wazee wetu walimwelewa upesi. Kwao pia, huko kaskazini ya Katanga walikotoka kuja kufanya kazi ya reli na migodi, watu walikuwapo kabla ya ramani.

Padre huyo hakuweza kumaliza somo la katekisimu bila kuingiza sherehe za kwao. Katikati ya amri za Mungu tulisikia habari za mji mmoja ambao mwezi wa kwanza watu wake hupiga ngoma usiku kucha na mchana kutwa, wengine wamevaa kama wapishi, wengine kama askari. Tulisikia habari za wanaume wanaovaa ngozi za kondoo na kujifunga kengele kubwa mgongoni, wakatembea kijiji kwa kijiji kwa hatua moja, ili waiamshe ardhi iliyolala na baridi. Kuna wanaoshindana kukata magogo wakiwa wamesimama juu ya gogo lenyewe, shoka likipita kati ya miguu yao. Kuna wanaoshindana kunyanyua mawe. Hilo la mawe baba yangu hakulikubali kamwe. Maisha yake yote alibeba mawe na mataruma ya reli, na alitaka kujua ni watu gani hao ambao mtu ananyanyua jiwe, analirudisha palepale, halafu anapigiwa makofi.

Na Noeli yao, padre alituambia, zawadi huletwa na mchoma makaa anayeshuka kutoka mlimani. Hapo darasa zima lilicheka, maana wachoma makaa tunaowajua sisi, wale wa njia ya Lukafu, hushuka na magunia na bei mpya. Padre alicheka pamoja nasi ingawa sidhani kama alielewa.

Lakini moyo wake ulikuwa kwenye majitu. Majira ya joto, alisema, kila mji wa kwao una wiki yake ya sherehe, na wafalme na malkia warefu hutoka kutembea barabarani kwa filimbi na ngoma. Huzungushwa mpaka magauni yao yanafunguka hewani. Watoto huyakimbilia majitu wayabusu, na mtoto aliyeshindwa kuacha kunyonya chuchu ya mpira huletwa na mama yake, analikabidhi jitu ile chuchu kwa mkono wake mwenyewe, na kurudi nyumbani mkubwa. Padre alikuwa amebeba jitu ujanani, kabla ya seminari. Alituambia hakuwahi kuwa karibu na sala kama alivyokuwa mle ndani. Siku hizi nafikiri fremu yao ilikuwa nyepesi.

Pamoja na maseremala wa parokia alitengeneza mawili, mfalme na malkia. Mfalme aliliwa na mchwa ndani ya stoo masika moja tu. Malkia, ndiye Mama Murefu, alipona kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimetundikwa juu. Uso wake mwanzoni ulipakwa rangi ya waridi, lakini akina mama walilalamika kwamba anaonekana kama mtu aliyemwagikiwa maji ya moto, ikabidi apakwe kahawia. Miaka mingi baadaye niliona kwenye simu kwamba baadhi ya majitu ya Wabaski ni wafalme weusi na malkia weusi, na chini yao Wazungu wanatoka jasho. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaniuliza kuna nini.

Padre alituachia sheria mbili za kijijini kwake. Ya kwanza, anayebeba hasemi. Ya pili, anayebeba haonekani akiingia wala akitoka, kwa heshima ya watoto. Anavalishwa stoo, mlango umefungwa, na anarudi palepale. Kila mtu anajua kuna mtu ndani, na kila mtu anajifanya hajui.

Sheria ya tatu waliiongeza akina mama wa Kamalondo. Sijui nani alianza. Nadhani kuna mama mmoja aliyeinamia tumbo la jitu, pale kwenye tundu lenye wavu mweusi ninapochungulia, akanong'ona shida yake, na shida ikaisha. Mwaka uliofuata wakawa wengi. Sasa kila maandamano yakisimama kwenye njia panda, akina mama hujipanga, kila mmoja anaweka mkono kwenye gauni, anasema lake, na Mama Murefu anainama. Akiinama maana yake amepokea. Padre alinung'unika kwamba kwao hakuna anayeliomba jitu kitu, halafu akaona kanisa limejaa, akanyamaza.

Katika miaka yote hiyo Mama Murefu hakuwahi kumnyima mtu. Na mimi mle ndani nasikia yote: mume asiyerudi, mimba isiyoshika, shemeji anayeroga. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ndiyo mimi. Siku zinazofuata napita sokoni macho chini.

Nilinaswa kwa sababu ya urefu. Padre aliniona nilipomaliza shule, akanishika bega na kunipima kwa macho kama nguzo. Alipougua na kurudishwa kwao, ambako alifia, aliniambia nibebe mpaka nipate mwingine. Nimemtafuta huyo mwingine. Warefu wana magoti mabovu, wafupi wanaburuza gauni, na mmoja niliyemtegemea alizimia kwenye kona ya kwanza akaburutwa ndani ya malkia mpaka kanisani. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Kabla ya kuondoka padre alijaribu kunipeleka kwao nikaone majitu yenyewe. Viza ilikataliwa, ikakataliwa tena, eti sikuonyesha kitu cha kunirudisha nyumbani. Basi kwa masimulizi yake naijua kona ambapo bendi ya kijiji chake hugeuka, naujua upande ilipo nyumba ya kuoka mikate, na mimi mwenyewe sijavuka hata mpaka wa Kasumbalesa.

Sasa nifike kwa mama mkwe.

Mwanamke niliyempenda ni mwalimu wa shule ya msingi, wa mtaa wa Kampemba, wa ukoo uliotoka Kasai. Mama yake ni mjane. Katika ile miaka ya kufukuzana, wakubwa walipowachochea watu wa hapa dhidi ya majirani zao wa Kasai, yeye na mumewe walikusanywa kituo cha treni na maelfu ya wengine, wakalala pale na masufuria yao wakingoja treni ambazo haziji. Mtoto wao wa kiume aliugua wakiwa palepale, akafa. Walipelekwa Kasai, nchi ambako yeye hakuzaliwa, na mambo yalipopoa wakarudi. Watoto waliobaki walikua wakaondoka, mmoja Kinshasa, mwingine Afrika Kusini. Huyu wangu alizaliwa baada ya kurudi. Ni wa mwisho, na ndiye aliyebaki na mama.

Na mimi ni nani? Mtoto wa mtu wa reli, mjukuu wa mtu wa reli. Baba yangu hakumgusa mtu miaka ile, lakini katika nyumba ya Kampemba neno kituo halikutamkwa, na kazi ya baba yangu ilijulikana.

Tena kwao mkwe na mama mkwe hawaonani ovyo. Hawasemezani uso kwa uso, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anapinda. Wengi mjini wameacha, yeye hakuacha. Nilipokwenda kumtembelea mchumba wangu, mama alipita chumba cha nyuma, nami nikamjua kwa kikohozi na kwa mlio wa mwiko kwenye sufuria. Mkwe kuonwa na mama mkwe akiwa nusu uchi, hilo ni balaa la kuvunja ndoa kabla haijafungwa.

Wajomba wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kusikilizana. Ilibaki kauli ya mama. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, alisema bado anawaza, na kaka zake hawakuwa tayari kusogea hatua moja bila mdomo wake. Miezi ilipita hivyo. Nilikuwa sili vizuri.

Sikukuu ya mwaka ule ilikuwa na upepo wa vumbi na jua kali. Ndani ya gauni navaa kaptula tu, maana ukivaa shati utazimia. Tulisimama kwenye njia panda, fanfari, bendi yetu ya tarumbeta, ikashusha sauti, ngoma moja ikabaki ikipiga polepole, na akina mama wakajipanga. Kupitia wavu nilimwona mchumba wangu akimshika mkono mwanamke mfupi wa makamo aliyevaa sare ya akina mama wa parokia ya Kampemba. Alimweka mama yake kwenye foleni, akarudi kwa wanakwaya wenzake.

Nilitaka ardhi ipasuke. Sikuweza kutoka, kwa sababu ya sheria ya padre. Sikuweza kukaa, kwa sababu ya sheria ya kwao. Mikanda ilikuwa imenibana mabegani, mbao mbele, mbao nyuma, na foleni ilisogea. Nilijiambia hajui ni nani aliye ndani. Yeye ni wa Kampemba, angejuaje.

Alipofika aliweka mkono kwenye gauni, sawasawa na kifua changu. Nilifumba macho, kana kwamba hilo lingesaidia.

“Mama,” alisema, “miye siko muntu wa kanisa hii. Nakuya kukuomba kitu moya tu. Kuko kijana anataka mutoto yangu wa mwisho. Banasema iko kijana muzuri, na miye siwezi kusema iko mubaya. Lakini baba yake iko muntu wa reli, na ku gare ya treni njo fasi nilizika mutoto yangu. Bengine boote banaenda. Huyu akienda, nabakia na nani? Fanya ile mariage ikufe. Inama, Mama, nione.”

Ngoma iliongeza pigo, ishara kwamba malkia ainame.

Kwanza nilipata hasira. Nilimkasirikia kwa kunihukumu kwa kazi ya baba yangu. Halafu huruma ikanijia kwa nguvu hata magoti yakalegea, na kulegea huko kulikuwa hatari, maana kuinama kwa Mama Murefu huanzia magotini. Niliyakaza. Ningeinama, ningekuwa nimetia saini kaburi langu mwenyewe mbele ya Kamalondo nzima. Ningekataa, ningemnyima mjane kitu ambacho hata mlevi wa mwisho mtaani hajawahi kunyimwa.

Nilisimama.

Ngoma ilipiga tena. Akina mama waliokuwa nyuma walianza kunong'onezana. “Inama,” alirudia, kwa upole. Jasho liliniingia machoni na sikuwa na mkono wa kulifuta. Nilisimama vilevile, nikishikilia mbao mpaka viganja vikauma. Mwishowe aliondoa mkono wake kwenye gauni.

“Bon. Nimesikia,” alisema, akaenda zake.

Siku chache baadaye mjomba wangu alinipigia simu akasema mama amekubali. Hakutoa sababu, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Tulifunga ndoa mwaka uleule, na mama siku hiyo alikaa ameinamisha kichwa chini ya kitambaa chake, upande ambao sikutakiwa kutazama.

Nilifurahi? Nilifurahi sana. Nilifanya nilichofanya, na ningefanya tena. Lakini tangu siku ile mlango ulifungwa nyuma yangu. Mke wangu sikuweza kumwambia, kwa sababu ya kilichosemwa kuhusu nyumba yetu, na kwa sababu ingebidi nieleze nilivyokuwa nimevaa. Na kumtafuta mwingine wa kubeba niliacha kabisa. Ingekuwaje mama yule arudi aseme mambo yake katika sikio la mtu baki?

Maana alirudi. Kila mwaka. Alijipanga na wenzake, akaweka mkono kwenye gauni, na kusema machache: kwamba magoti yanamsumbua, kwamba yule wa Afrika Kusini hapigi simu, kwamba mjukuu ameota jino. Hakuomba chochote. Mimi niliinama.

Nyumbani mambo yalibaki kama yalivyokuwa. Nikienda Kampemba anapita nyuma. Anakuja kumwona mjukuu nikiwa karakana, na nikirudi jioni nakuta sufuria ya sombe, kisamvu kilichopikwa kwa mkono wake, na kiti bado kina joto. Tumekuwa ukoo mmoja miaka yote hii bila hata habari za asubuhi. Wakati mwingine nafikiri hakuna mtu ninayemjua kama yeye, na sijui sura yake vizuri.

Kuna jambo moja lilinisumbua. Mke wangu aliwahi kuniambia kwamba mama yake hajawahi kusali kwa lugha nyingine isipokuwa Tshiluba, lugha ya kwao Kasai. Akilia ni Tshiluba, akimlalamikia Mungu ni Tshiluba. Sasa kwa nini alimsemesha malkia kwa Kiswahili, tena taratibu, kama anayetaka asikike? Nilijiuliza swali hilo mara kadhaa usingizi uliponikataa, na kila mara nililiacha njiani.

Mwaka huu, kiangazi kilipoanza, nilipata kazi Kolwezi, mji wa migodi ulio mbali na hapa. Mgodi mmoja ulikuwa unatafuta wachomeleaji, kazi ya kudumu na nyumba juu yake. Mke wangu alilia siku mbili tatu kwa ajili ya mama yake, halafu akasema mke hufuata mume, na kwa kweli yeye mwenyewe alikuwa amechoka kuishi vyumba viwili. Akaanza kufunga vyombo. Tulipanga kuondoka baada ya sikukuu.

Niseme wazi kwamba nilifurahia zaidi kutoka kuliko kwenda. Nilifurahia wazo la mwezi wa nane mwingine nikiwa nimekaa kwenye kiti mahali fulani, na mabega yangu mwenyewe, na masikio yasiyojua shida za mtu. Niliwaambia wazee wa parokia watafute mrefu mwingine au wamwache malkia apumzike. Walinitazama kama mtu anayetaka kumtelekeza mkewe.

Nilimuuliza mke wangu mama amesema nini kuhusu Kolwezi. Alisema mama alikuwa anachambua maharagwe, akaendelea kuchambua.

Siku ya sikukuu nilibeba kwa moyo mwepesi. Nilimzungusha Mama Murefu mpaka gauni likafunguka kama padre alivyopenda, na watoto wakapiga kelele. Kwenye njia panda ya mwisho akina mama walipita mmoja mmoja. Yeye alikuja nyuma ya wote, bila kushikwa mkono, akitembea kwa shida. Waliomtangulia walikuwa wameshasogea kuelekea kwenye fanfari. Aliweka mkono kwenye gauni, akauacha pale mpaka mpiga ngoma akatutazama.

“Mukwe,” alisema.

Neno hilo hakuwahi kunitamkia, na hakutakiwa kunitamkia.

“Mukwe, usiogope. Miye sikuone, na weye haunione, Mama iko katikati yetu. Ule mwaka nilisema inama, haukuinama. Nilijua iko weye. Kamalondo yote inajua iko weye. Nilitaka kuona kama utamuachilia mutoto yangu mbiombio, sawa vile batu balituachilia shiye ku gare. Ukasimama. Njo maana nilikupa.”

Alikohoa kile kikohozi ninachokijua.

“Leo narudilia kukuomba. Usimupeleke Kolwezi. Miye sitakawia sana. Ngoja nikufe kwanza, kiisha muende fasi munataka.”

Ngoma ilipiga.

Kolwezi ilikuwa mbele yangu, nyumba yake, mshahara wake, na yule mimi wa kwenye kiti. Nilijua jinsi ya kusimama, nilikuwa nimeshasimama hapa mbele yake, na kwa kusimama huko ndipo nilipopewa mke. Nilimkasirikia tena, zaidi kuliko mara ya kwanza, kwa sababu safari hii alikuwa ananiomba mimi, kwa jina la ukwe, nikiwa nimefungwa mikanda, bila mdomo wa kujitetea. Angeweza kuwatuma wajomba. Wajomba ningewashinda kwa maneno. Halafu nikafikiria kwamba amekuja peke yake na magoti yale, toka Kampemba, kuvunja mwiko ambao ameutunza maisha yake yote, kwa kitambaa kimoja tu katikati yetu.

Niliyalegeza magoti. Nikashuka polepole mpaka miguu ya fremu ikagusa lami, nikaiinamisha mbele, na nikabaki hapo. Sikuweza kuinuka mara moja, na sikuwa najaribu. Mkono wake uligonga gauni taratibu, kama mtu anavyompigapiga mtoto mgongoni.

“Aksanti, mukwe,” alisema.

Jumatatu nilipiga simu Kolwezi nikasema siji. Mke wangu alikuwa amekwisha kufunga masufuria ndani ya magazeti. Aliniuliza kwa nini, nikasema kazi iko hapa pia. Aliniuliza ni nani aliyenitisha. Aliniuliza kama nina mwanamke Kamalondo. Nikimweleza, lazima nimweleze kwamba mama yake na mimi tumezungumza, na kwa mama yake hilo halikutokea na haliwezi kutokea. Vyombo vimekaa kwenye maboksi pembeni ya kitanda, anakataa kuvifungua. Tunapikia sufuria moja.

Jana tulikuwa tunakula bukari, ugali wa huku kwetu, simu ikalia, alikuwa mama. Mke wangu alimlalamikia mbele yangu bila kuficha, kwa Kiswahili ili nisikie. Alisema ameolewa na mwanamume mwoga asiyeweza kutoka mtaa aliozaliwa. Kutoka upande wa pili nikasikia maneno machache ya Tshiluba, makali. Mke wangu aliishusha simu taratibu akaiweka mezani.

Nilimuuliza mama amesemaje.

“Anasema nisikuseme vibaya,” alinijibu. “Tangu lini mama anakutetea?”

Nilikata tonge, nikaendelea kula.